Mvutaji Akilazwa, Arosto Nayo Itibiwe

Mgonjwa wa moyo kalazwa jana jioni. Asubuhi anasukuma uji pembeni, anamfokea nesi, hatulii kitandani, kila saa anataka kutoka nje "kupunga upepo". Wodini ataitwa mkorofi. Mara nyingi inayomsumbua ni arosto. Kila baada ya saa 2 hivi, nikotini iliyomo mwilini hupungua kwa nusu, kwa hiyo aliyezoea pakiti kwa siku huanza kuhangaika mapema sana. Siku 2 au 3 za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, na hizo anazipitisha mikononi mwetu.

Daktari akipita atamwambia, "Acha sigara, itakuua." Ni kweli tupu, ila hajamtibu. Mgonjwa huyu anahitaji plasta ya nikotini mwilini, na chingamu ya nikotini kiu ikizidi. Dawa hizo zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Inaniuma kwamba hospitali nyingi bado haziziagizi.

Kanada walilipanga jambo hili kuwa kazi ya wodi nzima. Mwaka 2002, Taasisi ya Moyo ya Chuo Kikuu cha Ottawa ilianza kumuuliza kila anayelazwa kama anavuta, jibu likaingia kwenye faili, dawa na ushauri vikafuata palepale, na baada ya kuruhusiwa mgonjwa akaendelea kupigiwa simu. Utafiti uliochapishwa 2017 ulifuatilia wavutaji zaidi ya 1,300 katika hospitali 14 za jimbo la Ontario. Kati ya waliohudumiwa kama ilivyozoeleka, asilimia 11.4 walifariki ndani ya mwaka mmoja. Kwa waliopitia mpango huu, asilimia 5.4. Ni dawa chache za moyo zinazoweza kujivunia tofauti kama hiyo.

Mfamasia naye asiachwe nyuma. Moshi wa sigara huliharakisha ini kuvunja baadhi ya dawa, ikiwemo aminofilini wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa pumu. Mtu akiacha kuvuta, dozi ileile huanza kulundikana kwenye damu: kichefuchefu, moyo kwenda mbio, hata degedege. Plasta haizuii hilo, kwa sababu kinacholichochea ini ni moshi, wala si nikotini. Faili lisiposema mgonjwa alikuwa mvutaji, nani atakumbuka kupunguza dozi?

Kisha kuna kurudi nyumbani, kwenye kijiwe kilekile na marafiki walewale. Tafiti zimeonyesha kwamba ushauri wa wodini huzaa matunda pale ufuatiliaji unapoendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja baada ya mgonjwa kutoka. Basi fomu ya kuruhusiwa ioneshe plasta za wiki ngapi amekabidhiwa, nani atampigia simu, na lini.