Mahali Penye Hewa ya Kutosha: jiko la gesi, gari-nyumba na tafsiri yangu mbovu

Makala haya yanaeleza jinsi jiko dogo la gesi la safarini linavyofanya kazi, na kwa nini maelekezo yake ni magumu kuyatia katika Kiswahili. Najua kwamba jarida la kitivo cha lugha si mahali pa kueleza majiko. Lakini kosa ninalolisimulia hapa ni la tafsiri, mfasiri aliyelifanya ni mimi, na walioumia ni watoto wa mama yangu mdogo.

Mwaka ule nilikuwa Michigan, Marekani, nikisaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kimoja. Mama mdogo na mume wake wanaishi Grand Rapids, mji wenye Wakongo wengi. Mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa, baba mdogo alikodi gari-nyumba kwa siku nne ili familia nzima iende kupumzika ziwani. Tulikuwa watu wanane.

Ninasema gari-nyumba kwa sababu sijapata neno bora zaidi. Ni gari kubwa lenye vitanda, choo, friji na jiko ndani yake. Au ni tela lenye vitu hivyo hivyo, linalovutwa na gari jingine. Watoto wanaliita "arivi", kwa herufi mbili za Kiingereza. Kifaransa kina majina mawili, moja la lile linalojiendesha na jingine la lile linalovutwa. Kiswahili hakijahitaji hata moja, maana kwetu msafiri hufikia kwa ndugu. Halali kando ya barabara kwa hiari yake. Huko Marekani kampuni maarufu ya magari haya ni Winnebago ya jimbo la Iowa, iliyoanza kutengeneza yale yanayojiendesha mwaka 1966. Winnebago ni jina ambalo majirani waliwapa watu wa taifa la Ho-Chunk, wenyeji wa asili wa eneo la Wisconsin. Leo Mmarekani wa kawaida akilisikia anaona gari, haoni watu. Wanafunzi wa semantiki wanaweza kulifanyia kazi.

Tulikwenda Ludington, kama kilomita 150 kaskazini mwa Grand Rapids. Hapo kuna hifadhi ya jimbo kati ya Ziwa Hamlin na Ziwa Michigan. Ziwa Michigan halionyeshi ng'ambo yake. Ukisimama ufukoni ni kama uko Kalemie siku ya ukungu, ukiitazama Tanganyika. Kila familia hupewa kiwanja chenye umeme, meza ya mbao na duara la chuma la kuwashia moto. Kuni hazichukuliwi kutoka nyumbani, kwa sababu ya mdudu anayeua miti, ambaye aligunduliwa katika jimbo hilo mwaka 2002 na huhama ndani ya kuni za wasafiri. Basi watu wengi hupikia gesi ya propani, nje, juu ya jiko la mafiga mawili linalokunjwa kama sanduku.

Kwa nini propani? Ndani ya mtungi gesi hii imegandamizwa mpaka ikawa majimaji. Ukifungua, majimaji yanachemka na kuwa gesi tena. Propani huchemka kwenye digrii 42 chini ya sifuri, wakati butani huchemka karibu na sifuri yenyewe. Usiku wa baridi mtungi wa butani unakaa kimya ingawa umejaa; wa propani unaendelea kuwaka. Na kwa kuwa majimaji yanapochemka huvuta joto kutoka pembeni, mtungi mdogo ukitumika kwa nguvu hupoa mpaka ukaota jalidi. Watoto waliliona jalidi hilo mchana wa mwezi wa saba, wakaniita: "Yaya, njoo, gesi imeganda!" Haikuwa imeganda. Ilikuwa inachemka.

Siku ya kwanza jiko lilikataa. Mama mdogo alitaka kusonga bukari. Sombe alikuwa ameichemsha nyumbani na kuigandisha, na alifanya vizuri sana: mtungi mdogo, ule wa gramu 465, unakaa kama saa moja tu ukiwasha mafiga yote mawili kwa nguvu, na sombe mbichi ingekula mitungi mitatu. Lakini bukari haisongwi nyumbani ikabebwa. Baba mdogo alikuwa amenunua mpira wa kuunganisha jiko na tundu la gesi lililo ubavuni mwa gari-nyumba, ili tutumie mitungi mikubwa ya gari. Aliunganisha, akawasha. Mwali ulikuwa mfupi kama punje ya maharagwe. Nusu saa ikapita, maji hayajachemka. Baba mdogo akasema mtungi ni mtupu, mama mdogo akasema ni upepo, mimi nikaambiwa: "Wewe ndiye msomi, soma kitabu."

Kitabu cha maelekezo kilikuwa na lugha tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Nilisoma Kiingereza kwanza, nikakutana na neno linalomaanisha kitu "kinachorekebisha" gesi. Halikunipa mwanga wowote. Kurekebisha ni kupandisha au kushusha? Nikageuza ukurasa. Kwa Kifaransa kitu hicho hicho ni *détendeur*, yaani kinacholegeza. Hapo nikaelewa. Ndani ya mtungi, siku ya joto la kawaida, propani inasukuma kwa nguvu ya mara saba au nane ya shinikizo la hewa tunayovuta. Jiko lina kilegezaji chake, kilichotengenezwa kupokea nguvu hiyo yote na kuipunguza. Gari-nyumba nalo lina kilegezaji chake kando ya mitungi mikubwa, kwa ajili ya friji, jiko la ndani na maji ya moto. Na gesi inayotoka ubavuni tayari imelegezwa mpaka imebaki na ziada ya sehemu kama 3 tu kwa 100 za shinikizo la hewa. Sisi tuliilegeza mara ya pili. Gesi iliyofika kwenye mafiga ilikuwa imechoka.

Tuliachana na tundu la ubavuni, tukafunga mtungi mdogo moja kwa moja kwenye jiko. Kabla ya kuwasha tulipaka maji ya sabuni kwenye maungio: mapovu yakivimba, gesi inavuja. Hayakuvimba. Mwali ulinguruma, na bukari ikaiva. Nilijisikia fundi mkubwa, na nadhani kiburi hicho ndicho kilichonifanya nisome haraka sehemu iliyofuata.

Sehemu iliyofuata ilikuwa onyo katika kisanduku chekundu. Mama mdogo, akiosha sufuria, aliniuliza: "Na hapo palipo pekundu wamesema nini, mwanangu?" Nikamjibu bila kufikiri: "Wanasema litumiwe mahali penye hewa ya kutosha."

Sentensi hiyo ni Kiswahili safi. Ningeiandika katika mtihani wa tafsiri ningepata alama zangu. Kesho yake jioni mvua ilinyesha, upepo ukatoka ziwani, ukawa mkali. Gari-nyumba lilikuwa na vitanda sita tu, kwa hiyo watoto wawili wakubwa walikuwa wanalala katika hema kando yake. Mimi na baba mdogo tulikuwa ndani ya gari tukizuia maji yaliyopenya dirishani. Mama mdogo alilichukua jiko, akaliingiza hemani, akafunga zipu kwa sababu ya mvua, akawachemshia watoto chai. Kisha akaliacha liwake kidogo ili wapate joto.

Nilipokwenda kuwaona, mtoto wa kike alikuwa amelala akilalamika kichwa. Mdogo wake alisema anataka kutapika. Mama mdogo aliwaza malaria, kama ambavyo yeyote kati yetu angewaza, kisha akakumbuka kwamba Michigan hakuna malaria. Mimi niliangalia jiko, nikakumbuka kisanduku chekundu, safari hii maneno yenyewe na si tafsiri yangu. Tuliwatoa wote watatu kwenye mvua. Baba mdogo alipiga 911. Wahudumu walikuja, wakawapima, wakawavutisha oksijeni. Usiku ule ule walikuwa wazima. Mama mdogo aliniambia, bila hasira, na hilo liliniumiza zaidi: "Mwanangu, si ulisema hewa ya kutosha? Mle hewa ilikuwepo. Tulikuwa tunapumua."

Alikuwa na haki. Hapa ndipo kosa lilipo, na ningependa tulitazame kama watu wa lugha. Onyo la Kiingereza halisemi kuwe na hewa. Linasema hewa iwe inapita, ya zamani itoke na mpya iingie. Kwa Kiswahili "hewa" ni kile unachovuta. Maadamu unapumua, ipo, na maadamu hujakosa pumzi, inatosha. Tena onyo lenyewe liliendelea na kutaja mahali kwa majina: si ndani ya nyumba, si ndani ya gari, si ndani ya hema. Mimi nilifupisha orodha nzima kuwa wazo moja, kwa sababu darasani tumezoea kusifu ufupi. Orodha ile haikuwa mapambo. Kila jina lilikuwa limewekwa kwa ajili ya mtu aliye katika mvua akijiuliza kama hema ni ndani au ni nje.

Neno la pili lililotuponza ni "gesi". Wengine kwetu husema gazi, lakini tatizo ni lile lile: neno moja linabeba vitu viwili. Kitu cha kwanza ni propani yenyewe, isiyowaka bado. Yenyewe haina harufu, kwa hiyo wanaoiuza huitia kemikali inayonuka vibaya ili ikivuja mtu aisikie. Ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini. Ndiyo maana katika gari-nyumba kengele ya propani hufungwa karibu na sakafu. Kitu cha pili hakitoki mtungini, kinatoka kwenye moto. Propani inapowaka katika hewa nyingi hutoa mvuke wa maji na kaboni dayoksidi. Mahali palipofungwa, oksijeni inapopungua, moto hauwezi kumaliza kazi yake, nao hutoa monoksidi ya kaboni. Hiyo haina rangi, haina harufu, na hakuna anayeitia harufu. Ukiivuta, inashikamana na damu kwa nguvu ya mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inazunguka bila kubeba kinachohitajika. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Gari-nyumba lina kengele yake pia kwa sumu hii. Hema halina.

Mama mdogo alijua vizuri kwamba gesi huua. Lakini alikuwa amefundishwa kwamba "gesi ikivuja utaisikia harufu", na hemani hakusikia harufu yoyote. Kwa neno moja la Kiswahili tulikuwa tumempa kinga ya kitu kimoja, naye akaitumia kwa kitu kingine.

Tulipokuwa tukiwasubiri wahudumu nilifikiria Lubumbashi mwezi wa sita, baridi inapoingia na watu wanaiingiza mbabula chumbani yenye makala mekundu, isiyotoa moshi tena. Ni sumu ile ile. Makala yakishakuwa mekundu tunasema moto umekuwa safi, na kwa macho ni kweli. Kila mmoja wetu amewahi kusikia habari ya familia iliyolala na mbabula ikakutwa asubuhi. Kwa hiyo mama mdogo alikuwa analijua jambo lenyewe tangu utoto. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba jiko lile la kukunjwa, jipya, la rangi ya kijani, lenye mwali wa buluu unaopendeza, ni mbabula.

Siku ya nne, kabla ya kurudisha gari, niliandika upya onyo kwenye karatasi na kulibandika ndani ya kifuniko cha jiko. Niliacha nomino, nikashika vitenzi na majina ya mahali: "Liwashe nje tu. Usiliwashe ndani ya nyumba, ndani ya gari, wala ndani ya hema, hata ukifungua madirisha, hata mvua ikinyesha. Usilitumie kuota moto. Likiwaka ndani linatoa monoksidi ya kaboni. Hutaiona, hutaisikia harufu. Kichwa kikiuma, toka nje kwanza, uliza baadaye." Sentensi ya mwisho si ya kitabu, ni yangu.

Miezi michache baadaye mama mdogo alinitumia picha ya karatasi hiyo. Alikuwa ameifuta "monoksidi ya kaboni" kwa kalamu, na juu yake ameandika "sumu ya mbabula". Nimejaribu kutafuta sababu ya kitaaluma ya kukataa istilahi yake na sijaipata. Wenzangu wa Kalemie, Bukavu na Kisangani, ninyi huko mnaiitaje?