Mwili wa Kwenye Kompyuta na Salamu Iliyochelewa



Ndugu wasomaji, huenda mmewaona vijana mbele ya kompyuta, kila mmoja akitembeza umbo lake kwenye kioo. Umbo hilo huitwa avata. Katika makala hii tutaeleza kwa nini mtu huliona kama mwili wake, na kwa nini wakati mwingine hukataa kumtii.

Avata ni nini?

Tuchukue mfano wa Second Life, ulimwengu wa kompyuta uliofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani. Humo mtu hujichagulia umbo, hulivisha nguo, na hukutana na watu wa nchi nyingine, kila mmoja akiwa kwake. Punde si punde hasemi tena, "Umbo langu limegonga ukuta." Husema, "Nimegonga ukuta."

Kwa nini? Mwaka 1998 wataalamu Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walieleza jaribio lao. Mtu alifichwa mkono wake, akawekewa mbele yake mkono wa mpira, kisha yote miwili ikapapaswa kwa brashi kwa wakati mmoja. Wengi walihisi kwamba mkono wa mpira ni wao. Brashi zilipopishana, hisia ile ilipungua. Basi akili hukubali mwili pale kinachoonekana na kinachohisiwa vinapokwenda pamoja. Avata nayo ni hivyo hivyo: ukibonyeza ikaenda papo hapo, ni wewe, ikichelewa, ni kikaragosi tu.

Kwa nini huchelewa?

Unapobonyeza, amri husafiri hadi kompyuta kuu, yaani seva. Seva ndiyo huamua umbo liko wapi, kisha huwaarifu wote. Kutoka Mombasa hadi magharibi ya Marekani ni takriban kilomita 15,000. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kwenda na kurudi, hata njia ikinyooka, ni sekunde 0.15. Kabla ya mikongo ya baharini kufika pwani yetu mwaka 2009, tulitegemea setilaiti zilizo juu karibu kilomita 36,000, na safari hiyo ilichukua karibu nusu sekunde. Tena ujumbe ukipotea njiani, au seva ikizidiwa na watu, umbo huganda au hurudishwa nyuma ghafla.

Tusiharakishe kudhani

Hapa pana jambo la kuzingatia. Unamsalimia mwenzako, haitikii. Anakupa mgongo. Unasema moyoni, "Huyu ana kiburi!" Kumbe salamu haijamfikia, au ameshaitikia na jibu liko njiani. Kwenye kioo chake yeye, pengine amekuelekea. Kila mmoja anaona ulimwengu uliochelewa kwa kiasi chake.

Tumekatazwa dhana mbaya hata tunapoonana uso kwa uso, seuze tunapotenganishwa na bahari? Basi tusubiri kidogo, turudie salamu, tuulize kama mtandao unasumbua. Na tukumbuke kwamba kukwama ni kwa umbo. Tusi, hata likichelewa, humfikia mtu mwenye moyo, na aliyelituma ni sisi.

Wabillahi tawfiq.