Tia Alama Kabla ya Kufungua

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto haifichi ubovu wa gari. Tulipokaribia Soni, injini ya Volkswagen yetu ya mwaka 1968 ilinguruma kwa nguvu zote, lakini mwendo ukazidi kupungua. Mara harufu kali ya kitu kinachoungua ikajaa ndani ya gari. Mjomba, aliyekaa kando yangu, hakubabaika. "Klachi inateleza, mpwa wangu," alisema. "Turudi taratibu. Tukifika Tanga tutaifungua wenyewe."

Ilinichukua muda kuamini kwamba kazi hiyo inafanyika uani. Leo naamini, na ndiyo maana naandika. Volkswagen hizi zenye umbo la kobe ziliibuka washindi wa mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, na moja ya sifa zake ni wepesi wa kutengenezeka. Injini iko nyuma, haina rejeta wala maji, na imeshikwa kwenye giaboksi kwa boliti mbili juu na nati mbili chini. Ukishachomoa waya wa betri, mpira wa petroli, waya wa mafuta na mabomba ya joto, jeki ya magurudumu inatosha kuishusha. Sharti ni moja tu: gari likae juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Klachi yenyewe ni vitu vitatu. Flaiwili imefungwa kwenye krankishafti na inazunguka na injini. Presha pleti imefungwa kwenye flaiwili kwa boliti sita. Katikati yao inabanwa pleti ya klachi, ambayo ndiyo inayopeleka nguvu kwenye giaboksi. Ukikanyaga pedali, waya huvuta, rilisi beringi husukuma, na pleti huachiwa huru. Pleti ikiisha, au ikilowa oili, mbano hautoshi tena na injini huzunguka bure.

Yetu ilikuwa na maradhi yote mawili. Laini zilikuwa zimelika hadi karibu na riveti, na oil sili ya nyuma ya krankishafti ilikuwa inavuja. Hapa wengi hukosea. Wananunua pleti mpya na kuacha sili ya zamani, kisha baada ya miezi michache wanarudi palepale. Vumbi la ndani pia lisipulizwe kwa pampu ya upepo, kwa maana laini za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na asbesto huua mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Kabla hajagusa boliti hata moja ya presha pleti, mjomba alikuwa amechukua patasi ndogo na rangi nyeupe. Akatia alama kwenye presha pleti na nyingine mkabala wake kwenye flaiwili. "Anayefungua bila alama," aliniambia, "anakuwa mgeni kwenye kazi yake mwenyewe."

Maana ya alama zile niliielewa baadaye, na ndiyo kiini cha makala hii. Hakuna kipande cha chuma kinachotoka kiwandani kikiwa na uzito sawa pande zote. Krankishafti ina upande wake mzito, flaiwili ina wake, na presha pleti ina wake. Volkswagen hawakuficha kasoro hizo. Waliziwekea alama za rangi au tundu dogo, na wakaelekeza kwamba wakati wa kufunga, alama tatu zitenganishwe kwa nyuzi 120. Zikiwa mbili tu, zitazamane kwa nyuzi 180. Kasoro moja inaifuta nyingine. Ukizirundika upande mmoja, umeiletea injini mtikisiko utakaokula beringi zake.

Wapo watakaosema gramu chache hazina neno. Tupige hesabu. Gramu 10 zilizozidi, zikiwa umbali wa sentimita 10 kutoka katikati, injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta kwa nguvu ya kama kilo nne na nusu. Ifikishe mizunguko 4,000 na nguvu hiyo inakuwa karibu kilo 18. Mwendo umeongezeka mara mbili, mvuto umeongezeka mara nne. Ni sawa na nyundo inayogonga krankishafti kila inapozunguka.

Flaiwili yetu ilikuwa na madoa ya buluu, dalili ya kuungua, basi fundi wa mashine akaichonga uso kidogo. Baada ya kuchongwa tuliipima upya. Mjomba alilaza vyuma viwili vya pembe vilivyonyooka juu ya meza, akavisawazisha kwa pimamaji, akapitisha ekseli fupi katikati ya flaiwili na kuiachia ijiviringishe yenyewe. Upande mzito ulishuka chini kila mara. Tukabandika udongo wa kufinyangia upande wa juu, tukiongeza na kupunguza, hadi flaiwili ikakaa popote tulipoiacha. Udongo ule tukaupeleka kwa sonara, maana mizani yake inasoma sehemu za gramu. Tukarudi kutoboa mashimo mafupi upande mzito, karibu na ukingo, mbali na uso unaokutana na pleti.

Kisha tukafunga presha pleti na kupima tena. Safari hii hatukutoboa. Boliti ni sita, kwa hiyo ina mikao sita. Tuliizungusha hadi tukapata ule unaotulia kuliko yote, tukauwekea alama mpya.

Kufunga kuna masharti yake. Nati kubwa ya katikati, ya spana 36, hukazwa kwa nguvu ya takriban niutoni-mita 340, sawa na mtu wa kilo 70 kuning'inia mwisho wa bomba la nusu mita. Pleti lazima ikae katikati kabisa. Sisi tulitumia shafti ya giaboksi ya zamani kama kielekezi. Boliti sita zikazwe kidogo kidogo kwa kukingamana, hadi niutoni-mita 25. Presha pleti na rilisi beringi za magari ya kabla ya 1971 zisichanganywe na za baadaye, kwa sababu hazilingani, ingawa dukani huuzwa kwenye rafu moja. Mwisho, pedali iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kubana.

Tulipowasha, mjomba aliweka glasi ya maji juu ya paa la gari, akaitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Juma lililofuata tulipanda tena Lushoto, na Soni tuliipita bila harufu yoyote.

Msomaji, kama una gari dogo la zamani, usilitupe kwa sababu ya klachi. Tafuta mtu aliyekwisha kuifanya kazi hii, simama kando yake, ujifunze. Pima kila kipande. Na kabla ya kufungua boliti ya kwanza, tia alama.