Picha za Kale na Kompyuta: Hatua za Mwanzo za Kuhariri

Mwaka 1906, kabla vita vya Maji Maji havijamalizika, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, Ujerumani, alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi, kisha akapanda uwanda wa juu wa Makonde na kukaa Newala. Mizigoni mwake mlikuwa na kamera, mashine ya kunasa sauti na mashine ya sinema. Picha zake nyingi zilichapishwa katika kitabu alichokitoa mwaka 1908. Nakala za kitabu hicho sasa zapatikana katika intaneti, na kijana wa Newala mwenye kompyuta aweza kuitazama sura ya mtu aliyeishi katika nchi yake zaidi ya karne moja iliyopita. Picha hizo zimefifia, na aghalabu jambo la kwanza mtu analotamani ni kuzisafisha. Hapo ndipo pa kujihadhari.

Picha ni hesabu

Kwa kompyuta, uso na nguo ni namba tu. Huigawa picha katika miraba midogo iitwayo pikseli, na kila mraba huupa namba. Katika picha ya kawaida isiyo na rangi, 0 ni weusi kamili, 255 ni weupe kamili, na namba za kati ni daraja za kijivu. Mwaka 1957, Russell Kirsch wa Marekani alipoingiza katika kompyuta picha ya mwanawe mchanga, ilikuwa na pikseli 176 kwa 176, yaani 30,976 tu. Programu ya Photoshop ilitolewa mwaka 1990, na GIMP, ambayo haina malipo, mwaka 1996. Ijapokuwa vifaa vyake ni vingi, kazi yake ni moja: kubadili namba.

Hatua za kufuata

Kwanza, mwanafunzi atoe nakala ya faili, na faili ya asili isiguswe kamwe. Pili, ainyooshe picha na kukata kingo zisizohitajiwa. Tatu, arekebishe mwanga. Picha iliyofifia namba zake zimesongamana, mathalani kati ya 90 na 180. Programu huzitandaza kuelekea 0 na 255, na sura ikaonekana wazi. Lakini namba zikisukumwa kupita kiasi, nyingi huishia kwenye 0 au 255, na alama zilizotofautiana huwa kitu kimoja. Nne, masahihisho yafanywe katika tabaka jipya, mfano wa karatasi angavu iliyowekwa juu ya picha, ili yaweze kuondolewa. Tano, kazi ihifadhiwe kwa muundo wa TIFF au PNG, kwa kuwa JPEG hupunguza habari za picha kila inapohifadhiwa upya.

Doa au nembo?

Picha ya kitabuni imefanywa kwa nukta za wino. Ili kuzifuta, wengi hutumia kifaa cha kutia ukungu, ambacho huchanganya namba ya kila pikseli na za jirani zake. Nukta hutoweka, lakini mistari myembamba nayo hutoweka. Kadhalika, kifaa cha kuondoa madoa hufunika sehemu iliyochaguliwa kwa pikseli za kando. Hakijui tofauti ya doa na kovu.

Zama hizo Wamakonde wengi walichanjwa nembo usoni, na wanawake walivaa ndonya katika mdomo wa juu. Anayesafisha bila kuchunguza aweza kuzifuta nembo hizo, akabaki na uso laini ambao haukupata kuwapo.

Hapana budi picha ikuzwe na kuchunguzwa. Nukta za wino hupangika kwa nafasi sawa, na huenea hata penye anga. Mkwaruzo hukata uso na kuendelea hadi kwenye nguo. Nembo hufuata umbo la shavu na huishia ngozi inapoishia. Panapo shaka, alama iachwe, na wazee wa Masasi na Newala wanaozikumbuka nembo waulizwe.

Mwishowe, pamoja na picha iliyohaririwa ihifadhiwe ile ya asili, na maandishi mafupi yanayotaja ukurasa ilikotoka na kila badiliko lililofanywa. Mjukuu atakayeitazama baadaye atajua kipi kilipigwa na kamera na kipi kiliongezwa na mkono wa mhariri.