Kabla ya Kununua Sofa, Ipe Nyumba Hewa

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Siku hizi mtu akifungua na kuingia ndani, hasa mwezi wa Machi, jambo la kwanza analolitamani ni kutoka. Sebule ina sofa, zulia na televisheni kubwa ukutani, lakini saa nane mchana hakuna anayeikalia. Baba yuko barazani kwa jirani. Vijana wako maskani. Mama ametandika mkeka uani chini ya mwarobaini. Aliyebaki chumbani ni bibi aliyekonga, anajipepea na upepeo wa ukindu huku jasho likimtiririka.

Nyumba ya namna hiyo haikaliki, na hasara yake ni kubwa kuliko jasho. Watu wa nyumba moja hawakutani ila usiku, wakiwa wamechoka. Mtoto hapati pa kufanyia kazi ya shule, mgonjwa hapati usingizi wa mchana, na mgeni hukaa dakika kumi kisha akaaga. Wengi wetu tukiona nyumba haivutii, hukimbilia kununua fanicha kwa mkopo. Lakini kwa mtu wa pwani, raha ya nyumba huanza na hewa, kivuli na nuru. Fanicha hufuata baadaye.

Joto la pwani limeumbwa na Mungu, ila joto la ndani ya nyumba kwa sehemu kubwa tumelijenga wenyewe. Ndiyo maana linaweza kupunguzwa.

WAZEE WALIJENGA VIPI

Mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, bado una nyumba za mawe za kutufunza. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama nusu mita. Ukuta wa namna hiyo hupata moto polepole sana, na joto la adhuhuri huchelewa kupenya ndani. Chokaa nyeupe nayo hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua ulikotoka.

Dari zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa bila kupinda, kwa hiyo vyumba vikawa vyembamba, upana wake karibu mita 3 tu, lakini virefu na vyenye dari ya juu. Hewa moto hupanda, na dari ikiwa juu, joto hilo hukaa mbali na vichwa vya watu. Katikati ya nyumba kuna kiwanda, yaani ua usioezekwa, unaoingiza mwanga na kutoa joto. Jiko mara nyingi liliwekwa juu kabisa, chini ya paa la makuti, ili moto na moshi vipotelee nje. Ukutani kulichongwa zidaka za kuwekea vyombo, kwa hiyo sakafu haikujazwa makabati.

Nyumba za kawaida za mitaa kama Majengo, Mombasa, zilikuwa na hekima yake pia. Mbele kulikuwa na baraza chini ya upenu mpana, katikati ujia ulionyooka toka mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba huku na huku, na nyuma uani. Milango miwili ikifunguliwa, upepo ulipita moja kwa moja. Juu yake kulikuwa na makuti, ambayo hayapitishi joto upesi na huachia hewa ipumue.

KILICHOHARIBIKA

Makuti yalichoka, yakawa ghali kuyabadilisha kila baada ya miaka michache, na hushika moto kwa urahisi. Tukaweka mabati. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Shida ni kwamba tulibadilisha paa na kusahau mengine. Bati jembamba likipigwa na jua huwa kama kikaango, na pasipokuwa na dari chini yake, joto lote humshukia mtu kichwani.

Kisha kuta zikawa za bloki za inchi 6, upenu ukafupishwa ili kuokoa bati, baraza ikageuzwa chumba cha kukodisha, na ujia ukazibwa na kabati au friji. Katika nyumba za ghorofa, dirisha hutazamana na ukuta wa jirani ulio umbali wa mkono. Upepo wa bahari uko palepale, ila tumeufungia milango.

JUA NYUMBA YAKO INAELEKEA WAPI

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, tambua jua na upepo vinaingilia wapi. Kwa wengi wetu hili ni rahisi. Kutoka Mombasa hadi Lamu, kibla iko karibu kaskazini kabisa. Simama kama unayetaka kusali. Mkono wako wa kulia ni mashariki, bahari iliko. Mkono wa kushoto ni magharibi. Upepo wa kaskazi, unaovuma takriban Desemba hadi Machi, hukujia mbele upande wa bega la kulia. Upepo wa kusi, wa takriban Mei hadi Septemba, hukujia nyuma upande wa bega lilelile.

Maana yake ni kwamba mwaka mzima upepo mkuu huja na upande wako wa kulia. Madirisha ya upande huo ndiyo ya kuachwa wazi, yasizibwe na kabati wala pazia zito. Lakini upepo hauingii pasipo pa kutokea. Dirisha moja peke yake, hata liwe kubwa, halitoshi. Lazima kuwe na tundu upande wa pili, iwe dirisha, mlango au matundu ya hewa juu ya mlango.

Ukuta wa mkono wa kushoto ndio adui. Huo hupigwa na jua la alasiri, wakati hewa yenyewe imekwisha kupata moto. Ukuta ukishiba joto, hulitoa usiku kucha. Chumba cha upande huo kisiwe cha mtoto mchanga wala mzee ikiwa kuna kingine.

ANZA NA PAA

Mwezi wa Machi, na tena mapema Oktoba, jua la saa sita hupita karibu utosini kabisa. Wakati huo kuta hupata jua kidogo na paa hubeba mzigo wote. Kwa nyumba ya chini au ya ghorofa ya mwisho, fedha ya kwanza itumike juu.

Dari, au silingi kama mafundi wanavyoiita, ndiyo dawa iliyo bora. Hata ya plaiwudi nyembamba husaidia, mradi pawe na nafasi kati yake na bati, na matundu pembeni ya kutolea hewa moto. Dari iliyozibwa kila upande hugeuka tanuri.

Asiyeweza dari apake bati rangi nyeupe ya mapaa. Bati lenye kutu hunyonya joto zaidi, kwa hiyo likwanguliwe kutu kwanza. Chokaa pia hufanya kazi kwa bei ndogo, ila masika huiosha, na itabidi kurudia kila mwaka. Wanaokinga maji ya mvua wamuulize muuzaji kama rangi hiyo inafaa kwa paa la maji ya kunywa.

Ukuta wa magharibi upewe kivuli. Mmea wa pasheni ukitambaa juu ya waya hufunika ukuta upesi, tena hutoa matunda. Penye uwanja, panda mkungu au mwarobaini, lakini mbali na msingi, kwa sababu mizizi haina adabu.

HEWA YA NDANI

Tazama juu ya madirisha yako. Nyumba nyingi zilijengwa na matundu ya hewa hapo, kisha tukayaziba kwa magazeti au simiti kwa kuogopa mbu na vumbi. Yafungue, uyatie wavu wa waya. Hapo ndipo joto lililopanda hutokea.

Madirisha na mapazia ya upande wa jua yafungwe kuanzia asubuhi jua likiwashia, yafunguliwe yote jua likishatua, maana usiku ndio wakati wa kuupoza ukuta. Mbu wasiwe sababu ya kulala umejifungia. Wavu dirishani na neti kitandani ndio ulinzi.

Feni haipozi hewa, humpoza mtu kwa kumkausha jasho. Kuiacha ikizunguka katika chumba kitupu ni kupoteza stima. Usiku, hewa ya nje ikiwa imepoa, iweke feni karibu na dirisha la upande wa upepo, iivute ndani hewa hiyo. Taa za zamani za waya hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, kwa hiyo badili uweke za LED, na kwa sebule chagua yenye nuru ya manjano, ambayo ni tulivu kwa macho jioni. Friji nayo hutoa joto mgongoni. Isikae sebuleni kama kuna pahali pengine, na iachiwe nafasi na ukuta.

Vyakula vya kuchemka muda mrefu, kama maharagwe na pojo, vipikwe alfajiri au nje. Na jiko la makaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata siku ya mvua. Moshi wake usioonekana huua watu usingizini.

VITU VYA KUKALIA

Baada ya hapo ndipo tuzungumze fanicha. Sofa kubwa za sponji na kitambaa cha manyoya zilibuniwa kwa nchi za baridi. Hapa hushika jasho na vumbi, na masika hunuka uvundo. Zulia la ukuta hadi ukuta hufanya vivyo hivyo.

Wazee walikalia mikeka ya ukindu na miyaa, vitanda vya kamba na viti vya mbao vilivyosukwa, kwa sababu hewa hupita kati yake. Sakafu ya simiti au marumaru ni baridi, na ukiifunika yote umejinyima raha ya bure. Mkeka mzuri, magodoro membamba yenye foronya za pamba zinazofulika, na mito kadhaa ukutani vinakalisha watu wengi kuliko sofa ya watu saba. Isitoshe, mkeka hukunjwa, chumba kikabaki wazi.

Punguza vitu. Sanduku la nguo zisizovaliwa na viti vilivyovunjika vinavyongoja fundi, vyote huzuia upepo na kuficha mende. Rafu ndogo juu ya ukuta hufanya kazi ya zidaka na kuiacha sakafu huru.

Harufu pia ni sehemu ya nyumba. Lakini udi katika chumba kisicho na hewa ni moshi tu. Fungua madirisha, fagia, anika magodoro juani, kisha fukiza. Asumini kwenye sahani ya maji usiku hutosha kuituliza nyumba, na mche wake hukubali hata kwenye debe la kibarazani.

Na kibaraza chenyewe kirudishiwe kazi yake. Katika fleti nyingi, pahali palipo na upepo kuliko pote ndipo tulipoweka mitungi ya gesi na ndoo. Ukipasafisha, ukatandika mkeka na kutundika chiki ya kuzuia jua, umepata sebule mpya bila kujenga.

MPANGAJI NA MWENYE NYUMBA

Wengi wetu ni wapangaji, na si haki kumwambia mpangaji abadili paa la mtu. Lakini mazungumzo hayakatazwi. Wapangaji wa ploti moja wakienda pamoja kwa mwenye nyumba kuomba dari, rangi ya bati au matundu ya hewa, husikika kuliko mmoja. Mkikubaliana kwamba mpangaji atagharamia kisha akatwe katika kodi, yaandikwe na kutiwa saini. Mwenye nyumba naye ajue kwamba chumba kinachokalika hakihamwi ovyo.

Anayejenga sasa hana udhuru. Amwambie fundi kuta ziwe ndefu, upenu uwe mpana, kila chumba kiwe na matundu pande mbili, na kiwanja kisijengwe hadi mpakani. Mambo hayo kwenye ramani ni mistari michache. Nyumba ikishasimama, kuyarekebisha ni kubomoa.

Kwa asiye na uwezo wa kufanya yote, kazi ya kwanza isiwe sebule ya wageni. Miili ya wazee na watoto wachanga haiwezi kustahimili joto kama yetu, na wao ndio hukaa ndani kutwa. Kihamishie kitanda cha bibi upande wa mkono wa kulia, fungua matundu yaliyozibwa, ondoa masanduku chini ya dirisha. Kazi hiyo haihitaji mkopo, na inaweza kumalizika Jumamosi moja.