Kiti cha Karibu na Mlango

Huu ni mwaka wa tatu nikikutana na msichana ambaye hakubali kuketi ila karibu na mlango. Alichukuliwa kwao, upande wa Mutomo, kwa ahadi ya kusomeshwa Nairobi. Akafanywa mtumwa wa jikoni. Mwaka wa kwanza tulichambua ndengu tu, kimya.

Mimi ni mshauri nasaha. Kazi yangu hunizungusha Kitui na Makueni, ambako mvua ikikosa misimu miwili, maneno ya mawakala huwa matamu. Sheria ya mwaka 2010 ya kupambana na ulanguzi wa binadamu haimbagui aliyepelekwa Ghuba na aliyefichwa humu humu nchini, tena iliunda hazina ya kuwasaidia manusura. Naisifu. Lakini shirika moja lilinitaka nifunge faili ya binti huyu baada ya vikao sita, eti halii tena. Nilikataa. Hata siku ile ya kwanza hakulia.

Sasa amerejea shuleni. Muhula uliopita aliadhibiwa kwa kusinzia darasani. Enyi walimu, kabla ya adhabu, mwulizeni alilalaje. Nanyi wanafunzi, mwachieni kile kiti. Alhamisi nitapanda tena matatu ya Mutomo.