Kompyuta ya mezani ya mtumba: ya kukagua kabla ya kulipa

Kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika inaweza kumpatia kijana kitendea kazi kwa sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta mpya. Inaweza pia kumlia mtaji wake wote kabla ya mwezi kwisha. Mara nyingi kinachotenganisha hali hizo mbili ni saa moja ya ukaguzi dukani, kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Tuchukue mfano wa mtu anayetaka kufungua kibanda cha huduma za Irembo na uchapaji mtaani Nyamirambo, jijini Kigali. Kazi yake itakuwa kuwaombea wananchi vyeti, kuwalipia ada na kuwachapia nyaraka. Katika mashine yake zitapita namba za vitambulisho, namba za simu na picha za wateja. Mashine ikifa, kazi inasimama. Ikiingiliwa na wadukuzi, siri za watu zinatoka nje. Ndiyo maana mnunuzi wa namna hii hana budi kuuliza maswali mawili: je, kompyuta hii ni nzima, na je, bado inaweza kulindwa?

Tarehe iliyobadilisha soko

Swali la pili limepata uzito tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10, na kuwaachia watumiaji wa nyumbani mpango wa mwaka mmoja wa ziada kwa wanaojiandikisha. Masasisho hayo ndiyo huziba matundu ambayo wadukuzi hupitia. Kompyuta isiyoyapata huendelea kuwaka na kuchapa kama jana, lakini kila tundu jipya linalogunduliwa hubaki wazi.

Windows 11 nayo haipokei kila mashine. Kwa kawaida hutaka prosesa ya Intel Core ya kizazi cha nane au zaidi, ambayo iliingia sokoni mwaka 2017, au AMD Ryzen ya mfululizo wa 2000 na kuendelea. Hutaka pia kifaa cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0. Kwa sababu hiyo, ofisi nyingi duniani zimejikuta na mashine zinazofanya kazi vizuri lakini zisizotimiza masharti, na baadhi yake huuzwa tena kama mitumba. Bei ya chini, basi, yaweza kuwa na sababu ambayo haionekani kwa macho.

Namba ya prosesa husema kweli

Kibandiko kilicho mbele ya kasha si ushahidi, kwani hubanduliwa na kubandikwa. Mnunuzi abonyeze kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, aandike msinfo32, kisha asome jina la prosesa. Kwa mashine nyingi za ofisini zenye prosesa za Intel Core za miaka hiyo, tarakimu zinazofuata kistari hutaja kizazi: i5-7500 ni ya kizazi cha saba, i5-8500 ni ya cha nane, na i5-10500 ni ya cha kumi. Mashine ya kizazi cha saba na ile ya cha nane zaweza kufanana kwa umbo na kupishana kidogo tu kwa bei, ilhali moja imo ndani ya masharti na nyingine iko nje.

Muuzaji akijibu kwamba mashine yake tayari ina Windows 11, hilo pekee halitoshi. Zipo njia za kuiweka Windows 11 kwa kuruka masharti, na Microsoft haitoi uhakika kwamba mashine ya aina hiyo itaendelea kupokea masasisho. Kwa njia ile ile ya kitufe na herufi R, mnunuzi aandike tpm.msc. Akisoma kwamba toleo ni 2.0, na namba ya prosesa nayo ikikubali, hapo maneno ya muuzaji yana mashiko.

Kabla ya kuchomeka waya

Ukaguzi wa mwili wa mashine huanza umeme ukiwa haujaunganishwa. Nyuma ya baadhi ya kompyuta, kwenye pawa saplai, kuna swichi ndogo iliyoandikwa 115 na 230. Mashine iliyotumika Marekani, ambako umeme wa majumbani ni volti 120, inaweza kuwa imeachwa kwenye 115. Ikichomekwa hivyo katika umeme wetu wa volti 230, pawa saplai huungua mara moja. Mashine nyingi za karibuni hujirekebisha zenyewe na hazina swichi hiyo, lakini kutazama hakugharimu kitu.

Kisha kasha lifunguliwe. Juu ya madabodi, ule ubao mkuu unaounganisha viungo vyote, husimama vikopo vidogo viitwavyo kapasita. Vichwa vyake vinapaswa kuwa bapa. Vikiwa vimevimba au kuvuja ugiligili wa kahawia, ubao huo umekaribia mwisho wake. Vumbi jingi si kasoro ya kukataza ununuzi, lakini kutu ni dalili kwamba mashine iliwahi kuingia maji au kukaa mahali penye unyevu.

Iwashwe ikiwa baridi

Mnunuzi akikuta kompyuta tayari inawaka, aombe izimwe, ichomolewe waya na iachwe ipoe. Yako matatizo ambayo hujitokeza pale tu mashine inapoanza ikiwa baridi. Saa na tarehe zikirudi miaka ya nyuma baada ya kuchomolewa, betri ndogo ya madabodi, ambayo mara nyingi ni aina ya CR2032, imekwisha. Hiyo ni kasoro ndogo na betri yake ni ya bei nafuu, ila isipobadilishwa, tovuti nyingi salama zitakataa kufunguka kwa sababu ya tarehe isiyo sahihi.

Wakati wa kuwaka, aingie kwenye mipangilio ya msingi ya mashine: kwa kawaida kwa kitufe F2 katika Dell, F10 katika HP, na F1 katika Lenovo. Ikidaiwa nywila ambayo muuzaji haijui, biashara iishie hapo. Kufuli hilo kwa kawaida liliwekwa na ofisi iliyomiliki mashine hapo awali, na kuliondoa ni kazi ngumu.

Baada ya hapo mashine ifanyishwe kazi kwa dakika 20 hivi: video ichezwe, kurasa kadhaa zifunguliwe kwa pamoja, kila tundu la USB lijaribiwe kwa flashi, sauti na intaneti vikaguliwe. Feni ikinguruma mfululizo au mashine ikijizima, kuna joto lisilopata njia ya kutoka au pawa saplai iliyochoka. Kwa kazi za ofisi, kumbukumbu ya RAM ya GB 8 inatosha; GB 4 zitamchelewesha mtumiaji kila siku.

Diski na umri wake

Programu ya bure ya CrystalDiskInfo, ambayo mnunuzi anaweza kwenda nayo kwenye flashi, huonyesha afya ya diski na saa ilizofanya kazi. Mwaka mzima una saa 8,760. Diski yenye saa 35,000 imewaka sawa na miaka minne usiku na mchana. Programu ikitoa onyo la rangi ya njano au nyekundu, bei ya diski mpya ipunguzwe kwenye bei ya mashine. Ikiwa diski ni ya zamani yenye sahani zinazozunguka, kuibadilisha kwa SSD ndiko kunakoongeza kasi kuliko matengenezo mengine yote. Kwa vyovyote vile, diski ifutwe na mfumo uwekwe upya, kwa kuwa hakuna ajuaye mwenye mashine wa kwanza aliacha nini ndani.

Karatasi mkononi

Risiti ya EBM iandikwe aina ya mashine na namba yake ya utambulisho, na muda wa dhamana utajwe kwa maandishi, hata kama ni wiki mbili. Muuzaji anayekataa majaribio na kukataa pia kuandika dhamana anamuuzia mteja mbuzi kwenye gunia.

Aliyekwisha kununua mashine ya kizazi cha sita au cha saba hajapoteza kila kitu. Anaweza kuweka mfumo wa bure kama Ubuntu au Linux Mint, ambao bado hupata masasisho, mradi ahakikishe kwanza kwamba printa na skana yake zinakubaliana nao. Na mashine iliyokufa kabisa isitupwe jalalani, kwani ndani yake mna risasi na kemikali nyingine zenye madhara. Wilayani Bugesera kuna kituo cha kuchakata taka za kielektroniki, ambako baadhi ya vifaa hutengenezwa upya na vingine huvunjwa kwa njia salama.